Gari la Tisa Lilizaliwa la Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Ninaanza na shati hilo kwa sababu halikufika saa nne za asubuhi likiwa bado jeupe. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa karani wa magari katika kampuni moja ya uchukuzi hapa Lubumbashi, iliyoibebea migodi ya shaba magogo, saruji na unga, na mama yangu alikuwa ameshawatangazia majirani wote wa mtaa wetu wa Kenya kwamba mwanawe sasa ni mtu wa ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa meza moja, kiti kimoja na kabati la chuma katika pembe ya garaji. Shefu wa Garaji, mzee mwenye masharubu ya mvi na kalamu nyuma ya sikio, hakunipa hata nafasi ya kukikalia kile kiti.

"Ende ku ile gari pale," aliniambia. "Uniletee nimero ya shasi."

Sikujua shasi ni nini. Wala sikuthubutu kuuliza, maana katika barua ya kuomba kazi nilikuwa nimeandika kwamba magari ninayajua vizuri sana. Nikalizunguka lile lori mara mbili, nikijifanya ninafikiri, mpaka nikaona nambari ubavuni mwa tairi. Nikainakili. Tairi la pili lilikuwa na nambari yake, nikainakili pia. Nilirudi kwa Shefu na nambari sita zilizopangwa vizuri, nikamweleza kwa fahari kwamba gari lile lina shasi sita.

Shefu aliisoma karatasi yangu yote, hadi mwisho.

"Kasongo," alisema, "mi nilikutuma jina ya muntu. We unaniletea nimero ya biatu yake."

Mafundi walivicheka viatu hivyo mpaka mmoja akaangusha spana. Shefu alinishika mkono wa shati, akanilaza chini ya lori, akanipa brashi ya waya na kopo la mafuta ya taa. Nikasugua grisi ya miaka. Hapo ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza nambari ya shasi, imegongwa kwenye chuma, na hapo ndipo shati langu lilipoishia.

Kwa vijana wanaosoma haya, naeleza. Shasi ni uti wa mgongo wa lori, yale maboriti mawili marefu ya chuma yanayobeba injini, kibanda cha dereva na mzigo. Injini hubadilishwa, kibanda hubadilishwa, hata mlango unaweza kutoka kwa gari lililokufa. Shasi haibadilishwi. Kwa hiyo kiwanda huligonga jina la gari kwenye boriti la kulia, karibu na gurudumu la mbele. Ndani ya kibanda kuna bamba dogo lenye nambari hiyo hiyo, lakini bamba hushikwa kwa ribiti mbili tu, na mwenye patasi na roho mbaya hulihamisha kwa dakika tano. Shefu alikuwa akisema, "Bamba inasemaka. Chuma inaapa."

Siku hizo nambari haikuwa ndefu kama ya leo, na kila kiwanda kiliiandika kwa namna yake. Kwa malori yetu, tarakimu za mwanzo zilitaja aina ya gari. Iliyofuata ilisema usukani uko kushoto au kulia. Sita za mwisho ndizo nilizozipenda mimi, kwa sababu zilikuwa zamu ya kuzaliwa. Kiwanda kilihesabu bila kuruka, gari baada ya gari, kwa hiyo ukiwa na malori mawili ya aina moja, lenye nambari ndogo ndilo kubwa kwa umri. Ili kuepuka makosa ya macho, tuliweka karatasi laini juu ya chuma na kusugua kwa penseli, nambari ikajichora yenyewe. Nilisugua karatasi nyingi kiasi kwamba watu walianza kuniita Papa Shasi, na hata ndevu nilikuwa sijaota.

Sasa niwaambie kuhusu malori yetu tisa. Yalikuwa ya aina moja, yenye pua ndefu, na yote yalifika pamoja kwa reli kupitia Sakania kabla sijaajiriwa. Siku yaliposhushwa kituoni, mpaka rangi alisimama na kopo lake akiyaandika namba milangoni kadiri yalivyoshuka. La kwanza kushuka likapata moja, la mwisho likapata tisa. Na kwa kuwa sisi watu wa hapa hatuwezi kuona vitu tisa vinavyofanana bila kuuliza nani ni yaya, yaani kaka mkubwa, na nani ni mudogo, madereva waliamua siku hiyo hiyo kwamba namba hizo ndizo umri wa magari.

Msicheke. Katika barabara ya Kasenga, tulikokwenda kuchukua magogo ya kutegemeza mashimo ya migodi, jambo hilo lilikuwa zito. Mdogo hampiti mkubwa wake. Kwa hiyo msafara ulikwenda kwa umri, moja mbele, tisa nyuma, na wakati wa kiangazi vumbi la barabara ile ni jekundu na halina huruma. Papa Kalenga, dereva wa namba moja, mtu mrefu wa kwao kaskazini, mkatoliki wa kusimama mstari wa mbele hata kanisani, aliondoka na leso nyeupe mfukoni na kurudi nayo ikiwa nyeupe. Papa Mwape wa namba tisa, mfupi, mcheshi, mzaliwa wa Sakania, alirudi mwekundu kama tofali. Mke wake alisema humtambua kwa kikohozi.

"Papa Mwape," nilimwuliza siku moja, "hauchokake na hii vumbi?"

"Mi njo kaziba," alinijibu. "Kaziba anakulaka yenye inabakia." Kwetu kaziba ni kitinda mimba, na njo ni ndiye au ndiyo.

Ningebaki karani mwenye amani kama nisingemwona Monga. Monga alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya mapadri pale Kenya, na alikuwa binti wa Papa Kalenga. Alikuja garajini kumletea baba yake funguo alizosahau, akaniona nimelala chini ya gari na penseli, akaniuliza kama mimi ni fundi au mwanafunzi wake. Tangu siku hiyo nilitafuta kila sababu ya kupita karibu na shule ile. Baada ya kiangazi kimoja na masika moja tulikubaliana, ikabaki kumkabili baba yake.

Basi, wiki ile ile niliyopanga kwenda kuposa, Shefu aliagiza kadi zote za magari ziandikwe upya, kila moja na mchoro wa nambari yake ya shasi. Nikaingia chini ya malori tisa, nikasugua, nikatoka, nikazipanga karatasi mezani kutoka nambari ndogo hadi kubwa. Nikazitazama, kisha nikarudi chini ya magari yote tena, kwa sababu niliamini nimekosea.

Sikuwa nimekosea. Namba tisa ndiyo iliyozaliwa kwanza. Ikafuata namba nane, kisha saba, hivyo hivyo kwa kurudi nyuma, mpaka mwisho kabisa, mudogo wa wote, kaziba mwenyewe, namba moja. Nilikwenda kuuliza kituoni. Mzee wa reli alinieleza bila hata kuacha kutafuna karanga zake kwamba njiani wagoni zilihamishiwa njia nyingine na treni ikageuzwa, mkia ukawa kichwa. Gari lililopakiwa mwisho kule mbali lilishushwa la kwanza hapa.

Nilimpelekea Shefu orodha. Aliisoma, akaichukua kalamu nyuma ya sikio, akairudisha.

"Tia mu droo," alisema.

"Lakini Shefu, chuma inaapa."

"Inaapa, njo. Lakini haina haraka. Bantu tisa banalala muzuri, we unataka kubaamusha?"

Nami, nakiri, nilifurahi. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili nilikwenda kwa Papa Kalenga na baba yangu mdogo na wazee wawili. Tuliketi, tukasalimiana, na baba mkwe wangu mtarajiwa akasimama kuongea.

"Miye niko shofere ya gari ya kwanza," alisema. "Mutoto yangu hawezi kuolewa na muntu wa nyuma. Huyu Kasongo, yeye njo anasomaka manimero. Ambia bazee hapa. Gari yangu iko ya ngapi?"

Chumba kizima kilinigeukia. Nilimwona Monga amesimama mlangoni kwa jikoni na sinia mkononi. Nilikuwa nimemwambia kila kitu siku iliyotangulia.

"Papa," nilisema, "ku mulango iko moja."

Wazee walipiga makofi. Baba mdogo alinipiga gotini kwa furaha. Monga aliweka sinia mezani na kuninong'oneza, "Ile karatasi itatoka. Na ikitoka, utamwambia weye mwenyewe."

Ndoa ilipangwa iwe baada ya kiangazi. Kabla kiangazi hakijaisha, Shefu alistaafu, na tukaletewa Citoyen Directeur, yaani Ndugu Mkurugenzi, kutoka Kinshasa. Alivaa abakosi, ile suti ya enzi hizo isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Miaka ile vipuri vilikuwa vimeadimika. Tuliagiza gia, tukajibiwa kwa barua nzuri. Citoyen Directeur alitukusanya uani na kusema, kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, kwamba lori moja litafunguliwa lote ili manane yaishi.

"Itakuwa ile ya zamani sana," alisema. "Ile ilizaliwa ya kwanza."

Macho yote yalikwenda kwenye namba moja.

Sijawahi kuona heshima ikikimbiwa haraka namna ile. Dereva wa namba mbili, aliyekuwa akijiita makamu, alianza jioni hiyo kumweleza kila mtu kwamba gari lake bado lina harufu ya kiwanda. Dereva wa namba tatu aliomba rangi ili aboreshe tatu yake ifanane na nane. Papa Mwape alilipapasa lake na kusema, "Asante Mungu juu ya hii vumbi." Papa Kalenga alikwenda nyumbani bila kuaga. Dereva asiye na lori kwetu alipewa ufagio, na yeye alikuwa mtu wa miaka hamsini.

Asubuhi alikuja mezani kwangu. Hakuketi. Leso yake nyeupe alikuwa ameisokota kama kamba.

"Mutoto yangu," alisema, "hakuna nimero ingine?"

Nikinyamaza, baba wa Monga anapoteza gari lake. Nikisema, atajua kwamba nilimficha mbele ya wazee. Nikavuta droo.

Alifuata orodha kwa kidole kutoka juu, akalitafuta gari lake, akalikuta mwisho kabisa. "Ya mwisho? Yangu iko kaziba?" Alicheka, akaipiga meza, akacheka tena. Kisha kidole kilipanda kwenye tarehe, na kicheko kikaisha.

"Hii karatasi iliandikwa mbele ya posa."

"Ndiyo, Papa."

"Ulijua. Bazee banapiga makofi, we ulijua."

"Nilijua, Papa. Niliogopa."

"Basi sasa posa yako nayo iko mu droo," alisema. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika kichwa. Aliirudia orodha, safari hii akitazama juu. "Na yaya ni ya nani?"

"Ya Papa Mwape."

Ndipo akaketi. "Maria Mama wa Yesu," alisema polepole. "Miaka yote hii mi nalisha yaya yangu vumbi."

Nikadhani ataniambia niikimbize karatasi kwa Citoyen Directeur. Hakufanya hivyo. "Kwanza tuende kwa Mwape," alisema. "Yaya hasikiake habari ya kufa kwake ku mulango ya direkta."

Tulimkuta akiliosha lori lake. Papa Kalenga alivua kofia, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu asiye padri, akamweleza yote yeye mwenyewe. Mimi nilisimama na karatasi nikitamani ardhi inimeze. Papa Mwape alisikiliza na tambara likidondosha maji.

"Kumbe," alisema. "Mi njo yaya?"

"We njo yaya."

"Na yaya njo anakatwa?"

"Njo vile."

Papa Mwape alitazama namba tisa yake. Machozi yalimlengalenga, kisha akaanza kucheka, mpaka akashika mlango asianguke. "Wanaikata siku gani?"

"Wiki ingine," nilijibu.

"Basi safari ya hii wiki, mi niko mbele. Na mwenye atanipita, nitamulaani kama yaya."

Citoyen Directeur hakutaka kuamini orodha ya karani. Alisema atahakikisha mwenyewe. Akakunja mikono ya abakosi, akachuchumaa kando ya namba tisa, akaandika, akasimama na kunionyesha daftari kwa hasira. Nambari zake hazikufanana na zangu hata moja. Nikazitazama. Nilizitambua mara moja, maana nami niliwahi kuzileta.

"Citoyen Directeur," nilisema kwa heshima yote niliyokuwa nayo, "ile ni biatu yake."

Mafundi waligeuka kuutazama ukuta, mabega yakiwatikisika. Citoyen Directeur alinikazia macho, akaangalia tairi, akapangusa magoti, na akatia sahihi.

Msafara wa wiki ile haujawahi kutokea tena. Tisa mbele, kisha nane, saba, mpaka moja nyuma kabisa. Papa Mwape alivaa suti ya harusi yake. Aliendesha polepole, kiwiko nje ya dirisha, akipiga honi katika kila kijiji, na baiskeli zikatupita. Mimi niliamriwa kupanda na Papa Kalenga. Nilipotaka kupandisha kioo alinizuia.

"Wacha wazi," alisema. "Tunalipa."

Tulikula vumbi la magari manane mpaka mwisho wa safari. Liliingia masikioni, kwenye meno, ndani ya soksi. Tuliposhuka hatukutofautiana na barabara. Papa Kalenga alitoa leso yake, ambayo nayo ilikuwa imegeuka nyekundu, akanipangusa uso, na kuuchafua zaidi.

"Monga atakubali hii sura?" aliuliza.

"Sijui, Papa."

"Leta bazee yako siku ya Mungu," alisema. "Lakini droo, iache ku kazi."

Wiki iliyofuata namba tisa ilifunguliwa. Gia zake zilikwenda kwa namba moja, springi kwa namba nne, na mlango sikumbuki ulikwenda wapi. Siku ya mwisho nilichukua msumeno wa chuma, nikakata kipande cha shasi chenye nambari na kumpa Papa Mwape. Alikipigilia juu ya mlango wa nyumba yake. Hakupewa ufagio, kwa sababu Papa Kalenga aliomba wagawane namba moja, safari yake na safari ya mwenzake, na nyingine waende wote wawili. Walibaki hivyo mpaka walipostaafu, wakigombana kuhusu kioo, na Papa Kalenga hakumwita tena kwa jina ila Yaya.

Mimi nilitumikia mashefu wengine wanne. Wa pili wao alipoteza funguo za kabati langu, na mpaka leo sijamsamehe. Siku hizi nambari zina tarakimu na herufi kumi na saba, zimo mpaka herufi za nchi na kiwanda, na vijana wanazisoma kwa simu bila kuchafua shati. Ni vizuri. Lakini nikienda Kasumbalesa, mpakani, kumsalimia mwanangu, siwezi kuvumilia ule mstari wa malori. Napita moja baada ya jingine, nainama karibu na gurudumu la mbele la kulia, nasoma. Madereva wananidhania mtu wa forodha na kuanza kunieleza mambo ambayo sikuwauliza. Monga husema siku moja nitafungwa. Nikiulizwa nilijifunza nini kazini, nasema nambari inakueleza nani alitangulia kutoka kiwandani, na huo labda ni utangulizi wa siku chache tu. Haisemi zaidi ya hapo, na sisi tuliitaka iseme mengi mno.

Papa Kalenga alifariki mwaka ule ule niliostaafu, katikati ya kiangazi. Magari ya mazishi yalipangwa nje ya nyumba, na familia ikamweka Papa Mwape, mzee kuliko wote waliokuwapo, katika gari la mbele kabisa, kabla ya lile lililobeba jeneza. Alikuwa akitembea kwa fimbo. Kabla hatujaondoka tulimwona anashuka. Alikwenda hadi kwa dereva wa gari la jeneza, akagonga kioo.

"Leo Kalenga apite mbele," alisema. "Yaya ameruhusu."

Kisha akatembea polepole kando ya msafara wote mpaka gari la mwisho, akapanda, na kuagiza vioo vyote vishushwe. Barabara ya makaburini haina lami. Alipofika alikuwa mwekundu kama tofali, kama siku zile. Monga alimpa leso nyeupe ya baba yake ajifute. Papa Mwape aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni, na hakujifuta uso mpaka kaburi lilipofunikwa.